Ukurasa wa 212

Jaji Arit Udosen hakuwahi kukaa mahali akatulia. Mama yake, muuza mawese, alimwombea awe mtawa. Akawa wakili, kisha jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo letu kwa miaka ishirini na mitatu. Muda wote huo, chini ya meza, miguu yake isiyo na viatu ilihangaika kama inayotafuta mlango.

Majaji wetu huandika ushahidi wote kwa mkono, shahidi akisema, kalamu ikimfukuza. Jaji Arit aliandika kwa kasi. Mawakili walimsifu, maana hawakulazimika kuyasoma maandishi yake.

Ijumaa angetimiza miaka sabini na kustaafu. Sheria haina mzaha: kesi ambayo hukumu yake haijasomwa huanza upya mbele ya jaji mwingine. Kwake ilibaki moja, ya Mzee Etim Ukpong na binamu yake, wakigombea shamba la michikichi kwa mwaka wa kumi na moja. Mzee Etim alikuwa na miaka themanini na sita, na shahidi wake pekee wa mpaka alikwisha kuzikwa.

Jumanne, Jaji alifika ukurasa wa 212, ushahidi wa marehemu huyo, akakwama. Akageuza daftari juu chini. Akazunguka ofisi mara tisa. Hakuweza kusoma hata neno moja la mkono wake mwenyewe. Akaita gari, akaenda kwa Inyang, karani mstaafu aliyempigia chapa maandishi yake miaka kumi na mitano.

Inyang alikuwa barazani, anakula mchuzi wa majani ya afang.

"Karibu, Bwana Jaji." Kwetu jaji ni Bwana hata akiwa bibi.

"Nisomee hapa, Inyang."

"Kaandika nani? Kuku?"

"Mimi."

"Basi kaa chini, utanivunjia baraza kwa hayo matembezi."

Akanawa mikono, akavaa miwani. "'Mti wa mpaka aliupanda baba yake Etim, mimi nikimshikia mche.'"

"Mungu asifiwe! Endelea."

"'Kamba wakavu vikombe viwili. Pilipili. Chumvi imeisha.'"

Jaji akasimama tena. "Hayo si ya shahidi."

"Nilidhani hivyo. Na hapa: 'Wakili huyu ataniua.'"

"Soma ushahidi tu, bwana!"

"Ndio nausoma, ulivyouandika."

Alhamisi asubuhi alisoma hukumu kwa saa mbili, amesimama. Mzee Etim alipewa shamba lake. Akamwinamia wakili wake: "Tumeahirishwa hadi lini?"

"Tumeshinda, Mzee."

"Sawa. Lakini hadi lini?"

Hakukosea sana. Jumatatu binamu alikata rufaa, na rufaa inataka mwenendo wote wa kesi upigwe chapa, kurasa mia sita na arobaini. Msomaji ni mmoja tu. Kila asubuhi Bibi Arit yuko barazani kwa Inyang, kuthibitisha kipi ni ushahidi na kipi ni cha sokoni. Inyang amempa mbegu za egusi amenye, mikono itulie. Miguu bado.