Shabiri za Maati

Shabiri ni neno la babu zetu, na vijana wa siku hizi wakilisikia hucheka. Ni mwiba wa chuma, urefu wake shibiri nzima, unaofungwa kisiginoni mwa mpanda farasi. Maati wa Buazza alikuwa nalo mdomoni kuliko bismillahi. Farasi akizubaa, mtie shabiri. Mkate ukichelewa, mke naye atiwe shabiri. Mwanamke yule alikufa hajatimiza miaka arubaini, na binti yake, Hadda, hakumsamehe baba hata siku moja.

Mwaka ule, kwenye sikukuu ya walii, Maati aliongoza kikosi cha wapanda farasi kumi na tano, naye akiwemo. Kazi yao ni moja: mbio kwa mstari mmoja, kisha bunduki zote zilie mlio mmoja. Mwaka uliopita mstari ulivunjika mara mbili. Ukivunjika tena, wenzake wangemvua uongozi, na hilo alilijua vizuri.

Kando ya uwanja, Hadda alikuwa akimtandika Samra, farasi jike ambaye marehemu mama yake alimwachia yeye, akaona ubavu umechimbika.

"Baba, vua hayo machuma leo. Kidonda kibichi, ukimgusa hapo ataruka."

"Nani kakuuliza? Nenda kapike."

"Utaaibika mbele ya watu."

"Huyu ni kama mama yako," Maati akasema, akipanda. "Bila shabiri haendi."

Hadda alimchukia kwa moyo wake wote. Akakaza mkanda wa tandiko, akaondoka bila kumtakia heri.

Mstari ulitoka vizuri, bega kwa bega. Katikati ya uwanja Maati akajiona amebaki nyuma kidogo, na mkaidi yule akachoma pale pale. Samra akaruka, akawaacha wenzake hatua kumi, na bunduki ya Maati ikalia peke yake. Nyingine kumi na nne zikafuata hovyohovyo. Hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele.

Wenzake hawakukaa hata kikao. Walimchagua mwenzao Jilali awaongoze, palepale, Maati akisikia.

Maati alikuwa ameshuka kubishana nao, na Hadda akamwondoa Samra; baba alipomfikia, alimkuta ameshamwosha farasi kidonda, na yuko juu ya tandiko.

"Shuka nipande, twende nyumbani."

Hadda akavitazama visigino vya baba yake. Machuma bado yalikuwa na damu.

"Nyumbani ni mwendo wa saa mbili tu, baba," akamwambia. "Tembea. Ukichoka, jitie shabiri."