Perege wa Marehemu Sosthenes

Katika jumuiya yao, bondeni nje kidogo ya Ipogolo, posa haikupita bila Bibi Evarista kuichungulia. Mshenga akishakunywa chai, bibi alivuta kigoda na kuanza: mlongo wenu nani, yaani jina la ukoo wa baba, mwiko wenu nini, nyama gani hamli kwenu, bibi mzaa baba alitoka wapi. Mlongo na mwiko vikifanana, posa imekufa hapo hapo. Mwaka jana alimvunjia jirani yake Veneranda posa ya kijana wake, kwa kosa la kuchangia na binti babu mmoja wa tatu kwenda juu. Veneranda hakununa sana. Alisema tu kwamba Mungu si Athumani.

Bibi mwenyewe alikuwa na bwawa. Miaka kumi na moja iliyopita mumewe, Sosthenes, ambaye bibi alimwita Baba Anjela, alileta perege thelathini kutoka Nyololo kwa ndoo mbili, akiwabembeleza njia nzima. Tangu mzee afariki, bibi hakuruhusu samaki mgeni kuingia. Kila asubuhi aliwamwagia pumba na kuwapa habari za nyumbani, kwa sababu hao ndio waliombakia wa mume wake.

Shida ni kwamba samaki walikuwa wanarudi utotoni. Zamani mmoja alijaza sahani. Sasa wanne hawajazi kiganja. Wengine migongo imepinda. Majike, ambao kwa desturi ya perege hubeba mayai mdomoni, walitema vifaranga wachache, na wengi wakafa. Bibi alibadilisha pumba, akalaumu ndege, akamwomba padri anyunyize maji ya baraka. Wapi!

Ndipo akaja Damari, binti mtaalamu wa samaki. Akapima maji, akavuta wavu wa kokoro, akakuna kichwa.

"Chakula sawa, maji sawa, wala hawajabanana. Bibi, wazazi wa hawa ni nani?"

"Samaki wa mzee."

"Na wazazi wao hao?"

"Wa mzee hao hao."

"Kwa hiyo wanaoana wenyewe kwa wenyewe? Kaka na dada, baba na binti, miaka yote hiyo?"

Veneranda, aliyekuja kuomba kitoweo, alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka kitenge kikafunguka.

"Mwenzangu! Mwanangu umemnyima mke kwa babu wa tatu, huku bwawani unafungisha ndoa za kaka na dada, tena kwa maji ya baraka!"

Damari alieleza taratibu: damu ikizunguka nyumba moja, udhaifu uliojificha kwa baba na kwa mama unakutana kwa mtoto. Hakui vizuri, na uzazi wake unakuwa wa shida. Tiba ni kuwala wote, kukausha bwawa na kuleta mbegu mpya.

Kicheko kikakatika. Kwa bibi, kuwala wote ilikuwa kumzika Sosthenes mara ya pili, na alisema hivyo wazi, machozi yakimtoka. Damari akafikiri. Basi, majike bora wabaki, madume wote watoke, waletwe madume wa ukoo mwingine. Haitakuwa sawa na kuanza upya, ila damu itachanganyika.

Madume walikuja kwa basi kutoka Uyole, Mbeya, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa. Kabla ya kufungua mfuko, bibi alimpigia mfugaji simu: wametoka wapi, mama zao wapi, kuna yeyote aliyewahi kukanyaga Nyololo? Mfugaji alidhani anaongea na polisi.

Miezi ilipita. Asubuhi moja bibi alichota vifaranga kwa chujio: wengi, wanene, wakorofi. Alijaribu kumtafuta aliye wa Sosthenes na aliye wa wageni, akashindwa kuwatenga. Moyo ulimuuma, na hapo hapo akajikuta anatabasamu. Akawarudisha majini polepole.

"Baba Anjela," alisema, "hawa ni wajukuu zako. Baba yao ni wa Mbeya, hatumjui vizuri, lakini tumemuulizia."