Mpaka Uliohamia Nyuma ya Ploti

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo na ndoo ya rangi, nikaambiwa nimfuate Mkuu wa Mipaka bila maswali. Nilikuwa mwanamke pekee katika kikosi cha wapimaji ardhi. Mdomo wangu haukuwahi kujua kunyamaza, na sijutii.

Kazi yetu ilikuwa kumega lokesheni iliyojaa watu na kuunda nyingine, yenye chifu wake na ofisi yake. Ninyi vijana mnaopima kwa simu, jueni tulifundishwa kwamba mpaka hufuata kitu kisichohama: mto, reli, barabara. Hapo ndipo tulipopigilia bikoni, vile vyuma vya alama vinavyokazwa kwa zege.

Nilipopanda cheo nikawa msaidizi wa Mkuu, tulitumwa kuugawa mtaa wa Pipeline. Kwenye ramani, mstari ulipita katikati ya barabara, safi kabisa. Tulipofika jioni hatukuiona barabara. Palikuwa na tenti, viti vya plastiki na kwaya. Mzee mmoja alikuwa amefariki, na majirani wa pande zote mbili walikuwa wamekaa matanga, wakichangia safari ya kumrudisha kwao Busia. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mjini hapa jirani ndiye ndugu wa kwanza.

Mama Nekesa, aliyeongoza matanga, alitujia mkono kiunoni.

"Nyinyi ndio mnatukata? Hii tenti tunaweka na ruhusa ya chifu. Sasa nitaomba chifu wa wapi? Wa upande wa viti ama wa upande wa kwaya?"

"Ramani haina machozi, mama," Mkuu akajibu.

Nikaingilia kati. "Mkuu, hii si barabara, ni sebule yao. Mtaro wa majitaka uko nyuma ya ploti, nao hauhami. Na hakuna anayekaa matanga juu ya mtaro."

Alinikazia macho, nikajua kazi imeota mbawa. Mama Nekesa akamsogezea kiti. Mkuu akaketi. Kwaya ilipomaliza, akaniambia, "Kesho ulete nyundo. Tunaenda nyuma."

Sasa nimestaafu, na ninaishi kwenye barabara hiyohiyo. Mume wangu alipofariki, tuliomba ruhusa kwa chifu mmoja tu, na tenti ikaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Mama Nekesa, miguu ikimsumbua, alivuka kutoka ng'ambo ya barabara na kiti chake mwenyewe. Akakiweka kando yangu, palepale ambapo bikoni ingesimama.