Kalamu ya nibu ya dhahabu niliyotaka kuinunua Nyambureti kabla haijayeyushwa

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Sogeeni karibu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni mwalimu, naishi Issenye. Napenda sana kalamu za zamani za wino, zile zenye nibu. Ukiandika nazo mkono unatulia, kama umekaa kivulini na huna haraka ya kwenda popote.

Kipindi chenyewe ni kile cha rush ya dhahabu, watu wanakimbilia machimboni. Tarime na Serengeti nzima ilikuwa inaota. Unamsalimia mtu njiani, anakujibu huku anatazama chini, kama vile kila kokoto linaweza kung'aa.

Siku moja nilipita Nyambureti kumjulia hali Mama Nyangi, mjane ambaye binti yake nilimfundisha. Nikamkuta anabishana na mwanawe Marwa.

Mezani palikuwa na fountain pen nyeusi. Ilikuwa ya marehemu mumewe, karani wa kanisa.

Wakuu, nilisahau hata kukaa.

Marwa alikuwa ametoka nayo machimboni. Broka mmoja wa dhahabu aliichoma nibu kwa kiberiti cha gesi. Haikugeuka nyeusi, ikazidi kung'aa. Basi, dhahabu hiyo! Marwa akataka iyeyushwe ili apate hisa kwenye shimo la wenzake.

Hapo nieleze kidogo. Ni kweli nibu nyingi za zamani zina dhahabu, ila ni kidogo mno. Ukiiyeyusha unapata kipande ambacho ukipiga chafya kimepotea. Ikiwa kwenye kalamu, inaandika kwa umri wa watu wawili watatu.

Nikasema naitaka. Nikatoa ofa ya mbuzi jike mwenye mimba.

Marwa akacheka. "Mwalimu, wenzako wanalilia shimo, wewe unalilia kalamu? Na yenyewe haiandiki!"

"Wewe mura, kijana wangu, nyamaza kwanza," mama yake akamkatiza. Akaniangalia. "Mwalimu, kaa nayo mpaka siku ya mnada wa mifugo. Ikiandika, ni kalamu, nitakuuzia wewe. Isipoandika, ni dhahabu, Marwa aipeleke kwa broka wake."

Marwa akakubali haraka. Alijua imekufa.

Nilirudi nayo Issenye nimeishika kama yai.

Asubuhi nilikaa nayo dirishani. Nikachomoa sehemu ya nibu, nikaiweka kwenye glasi ya maji ya baridi. Wino wa zamani ukaanza kutoka taratibu, wa bluu, unajikunja ndani ya maji kama moshi wa jikoni asubuhi yenye ukungu. Nikawaza, huu wino ulibaki humu tangu yule mzee alipoandika jina la mwisho kwenye daftari la kanisa. Sijui nilikaa pale muda gani. Chai ilipoa.

Angalizo kwa wanaoanza: loweka nibu tu. Mwili wa kalamu nyeusi za zamani ukiuloweka unageuka rangi ya matope. Kifuniko nilikidumbukiza kwa uzembe, na kilibadilika kweli.

Ndani kuna kimpira cha kutunza wino. Kilikuwa kimekauka, kinavunjika kama ganda la karanga. Nikanunua duka la dawa ule mpira laini wenye tundu ndani, wa kufunga mkono wakati wa kutoa damu, nikakata kipande, nikaziba upande mmoja kwa gundi. Ukaingia vizuri.

Nikajaza wino. Haiandiki.

Nikaosha tena. Haiandiki. Mnada ulikuwa kesho yake, na nilishaanza kumwona broka na mtungi wa gesi akiiyeyusha nibu.

Ndipo nikaitazama kwa ubavu, kwenye mwanga. Chini ya nibu kuna kipande cheusi kinachopeleka wino. Kile kiberiti kilikuwa kimekipinda, kikaachana na nibu. Yaani moto uliothibitisha dhahabu ndio ulioiua kalamu.

Dawa yake ni maji ya moto, wakuu. Nilikidumbukiza kidogo, kikalainika, nikakibana na nibu kwa vidole mpaka kikapoa. Nikajaribu kwenye gazeti. Mstari wa bluu ukatoka, mwembamba, bila kukwaruza.

Nilicheka peke yangu kama chizi.

Siku ya mnada nikafika Nyambureti na mbuzi wangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Inaandika?"

Nikampa kalamu. Akaizungusha mkononi. "Miaka yote naifuta vumbi," akasema. "Marehemu hakutaka mtu aishike. Sijawahi kuandika nayo."

Nikamwonyesha. Shika hivi, usikandamize, iache itembee. Akaandika Nyangi, jina lake mwenyewe. Akaandika jina la binti yake, kisha la marehemu. Herufi kubwa kubwa, zinang'aa kabla hazijakauka.

Marwa alisimama mlangoni. "Sasa mama, dhahabu yetu imekuwa wino?"

Mama akaendelea kuandika.

Marwa akasogea mpaka mezani. Akatazama karatasi muda mrefu.

"Andika na langu," akasema.

Akamwandikia. Marwa akainama, akapuliza wino ukauke. Kisha akatoka, na habari ya broka sikuisikia tena.

Mama Nyangi akafunika kalamu, akanisogezea. "Inaandika. Ni yako, tulikubaliana." Ila vidole vyake havikuiachia.

Nikamwambia, "Ngoja kwanza nikuelekeze namna ya kujaza wino." Nikamwelekeza mara ya kwanza, mara ya pili akajaza mwenyewe. Na wakati namweleza, nikajua kabisa kwamba naondoka na mbuzi wangu.

Nilichojifunza: kalamu ya zamani isiyoandika mara nyingi haijafa. Usiichome, usiilazimishe, na usiijaze wino wa mihuri. Ipe maji na muda. Na kabla hujainunua, mpe mwenyewe aandike nayo kwanza. Akiiachia baada ya hapo, nunua kwa amani.

Haya wakuu, mwenye kalamu ya babu kabatini aweke picha hapa, aseme inasumbua wapi. Maswali yote karibu, hata ya wasiojua kabisa. Nitajibu, isipokuwa Jumamosi hii: Mama Nyangi ameishiwa wino, nampelekea chupa.