Ngwatio Juu ya Ukuta wa Mbao

Siku sanduku la kwanza la kadi lilipofika Nyeri kutoka Uingereza, sisi wasichana tulilipokea kama bibi harusi. Tulishuka ngazi mbio na kulibeba wote kwa pamoja, ingawa mtu mmoja angetosha, hata mwenye bucha wa chini akatoka na kisu mkononi kuuliza kama tumefiwa. Tukamwambia ni kazi.

"Ati kazi inakuja na sanduku?" akauliza.

Naam, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kazi ilikuwa imeanza kuja na sanduku. Ndani mlikuwa na kadi za waranti, yaani za dhamana ya kifaa kikiharibika. Mtu wa kule akinunua birika la umeme, alijaza kadi kwa mkono, jina lake na anwani yake, akaituma kiwandani. Mpaka wakati huo kadi hizo zilichapwa kwenye kompyuta na akina mama wa huko huko. Sasa kampuni ilitaka kutuletea sisi, tuzichape na kuzirudisha zikiwa ndani ya diski. Bosi wetu, mstaafu wa benki mwenye vyumba viwili ghorofani na kompyuta za mitumba, ndiye aliyeipata kazi hiyo, lakini kwa majaribio. Tukifaulu, kazi yote ingehamia kwetu. Tukishindwa, sanduku lingerudi kwao, nami ningerudi kuchuma kahawa na mama, cheti changu cha uchapaji kikiwa chini ya godoro. Kahawa nilikuwa nimeshachuma ya kunitosha. Niliitaka kazi hii mpaka vidole vyangu vikawa vinagonga meza hata wakati wa kula.

Pamoja na sanduku alikuja mwalimu, mama mmoja wa Kiingereza wa makamo, mwembamba, mwenye maumivu ya mgongo. Tulimwita Madam. Alitoka kwao na mto wake wa kukalia, uliofumwa kwa uzi wa kijani, na hakuna kiti alichokalia bila huo mto. Alitufundisha kwa upole na bila mzaha. Siku moja tukinywa chai nilimuuliza yeye kule anafanya kazi gani. Akanijibu bila kunung'unika kwamba ndiye msimamizi wa akina mama wanaochapa kadi hizi, na kwamba tukiweza, chumba chao kitafungwa. Nikamuuliza mbona basi amekuja kutufundisha. Akasema kazi hii ameifanya nusu ya maisha yake, hataki kuiona ikifanywa ovyo. Nikamwongezea chai.

Mjini habari zilienea. Kwenye hoteli ya chai jirani na bucha, watu waligawanyika kama siku za uchaguzi. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni aibu kula sahani ya mtu kabla hajanawa. Dereva wa lori la Karatina akamrukia.

"Mwalimu, ngoja. Kahawa yetu inakaangwa wapi? Si huko kwao? Hiyo kazi ya kukaanga nani alituuliza kama tunaitaka?"

Watu wakapiga meza kwa vicheko. Mimi nilitoka pale kichwa juu, maana nilikuwa nimepata wakili bila kumlipa.

Nyumbani, upande wa Kiganjo, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Nilirithi jina la mama yake baba, kwa hiyo baba aliniita maitu, yaani mama yangu, na mtu akikuita hivyo huwezi kumjibu ovyo.

"Maitu," akaniambia tukikamua ng'ombe, "hiyo kazi ilikuwa ya nani?"

"Ya wamama wa huko, baba."

"Na hao wamama wataenda wapi?"

"Sijui, baba."

"Basi hiyo ni shamba iko na mwenyewe."

Mama, aliyekuwa akikata nyasi, hakumwacha apumue. "Shamba gani! Wewe ukikamua ng'ombe ya mzungu kwa shamba ya baba yako, ile walimnyang'anya, nani alikuja kuuliza mwenyewe ako wapi?"

Baba alicheka mpaka ng'ombe akasogea. Lakini hakusema amekubali.

Siku ya jaribio ikafika. Utaratibu ulikuwa huu: kadi ile ile huchapwa mara mbili, na watu wawili wasioonana, kisha kompyuta hulinganisha. Palipo na tofauti, ujue mmoja amekosea. Basi tukagawanywa, nusu chumba hiki na kadi zenyewe, nusu kile na nakala zake, na katikati ukuta wa mbao ambao haukufika darini.

Sasa, sisi tumelelewa kwenye ngwatio. Leo wanawake wote wanalima kwako, kesho wote wanalima kwangu, na mwenzako akikwama kwenye thangari, lile jani lenye mizizi isiyoisha, humpiti. Unainama naye mnang'oa pamoja. Kumpita ni kukosa malezi. Kwa hiyo nilipofika kwenye namba ya nyumba nisiyoielewa, nilipaza sauti kwa Kigikuyu juu ya ukuta: hii ni saba ama ni moja? Upande wa pili wakaitafuta kadi yao, wakabishana, wakasema saba. Sote tukaandika saba. Baadaye na wao wakauliza, nasi tukawasaidia. Mahali pagumu kabisa tulipiga kura. Madam alituona tukiitana kwa furaha, akadhani ndivyo tunavyochangamka kazini. Mpaka jioni hatukuwa tumepishana hata herufi. Tulikumbatiana ngazini. Nilijua tumefaulu!

Diski zilitumwa, tukangoja. Kisha simu ikaja, na Madam alipoishusha uso wake ulikuwa mweupe kuliko kawaida yake.

"Wanasema mmenakili," alisema. "Watu wawili hawawezi kulingana namna hii. Hata makosa yenu ni mamoja. Kadi hizi zilishachapwa kule: kuna nyumba namba moja, na pande zote mbili zimeandika saba."

Bosi akakaa chini. Wenzangu wakaniangalia mimi, kwa kuwa Kiingereza changu ndicho kilichokuwa chepesi. Nikamweleza Madam yote, ngwatio na thangari, hata zile kura. Nikamwambia hapa kwetu kumwona mwenzako amekwama na kunyamaza ndio wizi wenyewe. Nilisema harakaharaka, maana niliiona kahawa ikiniita kwa jina.

Madam aliitazama simu. Angeweza kuacha tuitwe wezi, sanduku lirudi, akina mama wake wabaki na chumba chao. Hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alicheka, akashika simu, na sote tukamsikia.

"Hawakunakili," alisema. "Walisaidiana. Hakuna aliyewaambia ni kosa, hata mimi. Wapeni nafasi nyingine."

Mara ya pili kundi moja lilipelekwa chini, kwenye stoo ya mwenye bucha, ili sauti zisifike. Mama yangu hajawahi kunipa kazi ngumu kama ule ukimya. Nilikutana na namba iliyoandikwa kama mtu alikuwa akikimbizwa, koo likaniwasha kwa hamu ya kuita, nikaumeza wito wangu na kuandika nilichokiona peke yangu. Nilijisikia kama nimempita mtu kwenye thangari.

Majibu yalikuja kwa faksi. Bosi aliyasoma akiwa amesimama juu ya kiti: tofauti zipo, chache, nasi tumefaulu, kazi inahamia Nyeri. Tulipiga vigelegele! Sijawahi tena kuona watu wakishangilia kwamba wamekosea. Mwenye bucha alipanda na aproni yake ya damu, tukashikana viuno tukacheza mugithi, ule mchezo wa kufuatana mstari kama garimoshi, tukizunguka meza. Nilikuwa na furaha ya kupasua kifua. Tulipopita kwenye meza ya Madam tukamvuta, naye akaingia mstarini, mgongo na maumivu yake, akacheza kama aliyezaliwa kwetu.

Mstari ulipokatika, alirudi kwenye kiti chake, akachukua ule mto wa kijani, akaja akauweka juu ya kiti changu.

"Ninakokwenda sitauhitaji," alisema. "Kazi hii huumiza mgongo."

Wenzangu walikuwa wameshafungua sanduku jingine na walikuwa wakiniita kwa kelele. Nikaketi. Mto ulikuwa bado na joto lake.