Kila Asubuhi Tunakunja Matandiko Tukimngoja Baba

Mhariri, jina langu lifiche na kijiji usikitaje, maana gazeti lako linafika mpaka Tinde na baba mkwe wangu husomewa. Nina miaka ishirini na minane na watoto watatu. Kwetu ni upande wa Kishapu, ambako mvua imetupa mgongo. Pamba ilipokauka ikiwa bado fupi, mume wangu aliaga kwenda kwenye dhahabu, Geita. Alisema atarudi na chakula kabla ya mtama mwingine kupandwa. Mtama umepandwa mara mbili sasa.

Msinicheke nikiwaletea habari za barafu. Mwalimu wa misheni aliyetufundisha wanawake kusoma alitusimulia juu ya mabaharia Wazungu waliokwenda mwisho wa dunia, ambako bahari yenyewe huganda. Barafu hatukuijua, akatuambia tufikirie mvua ya mawe iliyoanguka ikakataa kuyeyuka. Meli yao ilibanwa humo mpaka ikavunjika. Wakajiokoa hadi kisiwa kisicho na watu, mkubwa wao akaondoka na mashua ndogo kutafuta msaada, wengine wakabaki kisiwani na njaa yao. Aliyeachwa kuwaangalia aliwataka kila asubuhi wakunje matandiko, kwamba huenda mkubwa akaja leo. Na kweli akaja, akawakuta wote wazima.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Kesho yake niliwaamsha watoto, nikawaambia tukunje ngozi tunazolalia, baba anaweza kufika leo. Ikawa desturi yetu. Siku za uji wa pumba nawasimulia wale watu wa kisiwani, nao wananyamaza. Nisiseme uongo, mwenye kukihitaji zaidi kile kisa nilikuwa mimi.

Mwezi uliopita alirudi mtu wa kwetu kutoka machimboni. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Shemeji, jamaa ni mzima," akasema. "Ana nyumba kule, na mwanamke. Kanituma nikwambie usimngoje."

Nikamuuliza kama amewatumia watoto chochote. Akasema hakupewa kitu, akaenda zake.

Nimelia mpaka nimechoka. Wale wa kisiwani angalau walijua kwamba kinachomchelewesha mkubwa wao ni bahari. Wangu hakuzuiwa na kitu, malori ya kutoka huko yanapita kila wiki. Watoto sijawaambia. Bado tunakunja ngozi.

Kaka yangu yuko Segese, huko mvua walipata, naye ameniita nikalime kwake. Lakini nilipomwomba baba mkwe niende na watoto, alinijibu mara moja: "Ukitaka kwenda, nenda. Ng'ombe tulitoa, watoto ni wa hapa." Si mtu mbaya, naye analala njaa kama sisi, ila akishasema amesema. Ndipo nikaanza kufikiri kwamba pengine katika kile kisa nilijiweka mahali pasipo pangu. Pengine mimi si wa kungoja kisiwani. Mimi ndiye wa kupanda mashua, nikatafute chakula, niwarudie.

Nilijaribu kumdokezea binti yangu mkubwa. Nikamwambia huenda nikasafiri kidogo, kisha nitarudi. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mayu, utarudi kama baba?"



Jana nilichelewa kuamka, mwili hauna nguvu. Nilipofumbua macho, watoto walikuwa wamekwisha kunja ngozi zao, wamekaa mlangoni wanatazama njia. Ngozi iliyobaki chini ilikuwa yangu peke yake, na mdogo alikuwa akinisubiri niinuke aikunje.

Ninyi mnaosoma, hasa mlio na watoto, nisaidieni mawazo, mimi yangu yamefika mwisho. Nikibaki, tutakufa njaa pamoja. Nikienda, nitawaaga kwa maneno yaleyale aliyowaaga nayo baba yao. Nifanye nini ili waniamini?