Dole Gumba Arobaini kwa Linki za Dada

Jumatatu moja simu yangu ilinyamaza ghafla.

Haikuharibika, jamani. Watu ndio waliacha kunihitaji.

Miaka kumi na moja pale chuoni, mimi ndiye Mzee wa Flashi. Unataka makala ya utafiti? Programu ya kuchora grafu? Unakuja maabara kwangu, unabembeleza kidogo, nafungua kabati, nakupa kwenye flashi.

Sasa kuna dada wa maabara ya pili, hana hata mwaka kazini. Kila asubuhi anamwaga linki kwenye grupu la watumishi. Makala za bure, takwimu zilizo wazi kwa kila mtu, zana za kufanyia kazi hukohuko mtandaoni.

Eti ndiyo sayansi huria, maarifa hayafungiwi kabatini.

Kabatini! Nikajua nasemwa mimi.

Dole gumba arobaini. "Asante dada." "Ubarikiwe dada, nitafungua baadaye."

Roho iliniuma mpaka nikamwambia mke wangu nina presha.

"Presha ya linki hiyo, baba," akanijibu, anaendelea kukunja nguo.

Mbaya zaidi, mkuu wa chuo alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha watumishi zana hizo. Kazi yangu ile, tangu enzi!

Dada alizipanga linki zake kwenye jedwali la mtandaoni, na pembeni unaruhusiwa kuandika maoni bila jina. Weee! Nikahamia humo. Nafungua moja moja, natafuta kasoro.

"Hii inagoma kwenye simu."

"Takwimu za kale hizi, mpya ziko hapa."

"Umekurupuka, soma maelezo yote kwanza."

Miezi mitatu, sikosi siku.

Siku ya kikao, mkuu akamtaja dada kuwa ndiye atakayefundisha. Makofi. Nami nikapiga mawili, ya kizembe.

Dada akasimama. "Mkuu, peke yangu siwezi. Dole gumba napewa arobaini, ila kihesabu cha jedwali kinaonyesha kila linki imefunguliwa na mtu mmoja tu. Huyo anayenisema pembeni bila jina. Na kila kosa alilolitaja ni kweli, nimerekebisha. Namtaka huyo tufundishe pamoja. Ni nani?"



Jasho hilo! Nikinyamaza, kazi inanipita. Nikijitaja, naumbuka.

Nikanyoosha mkono.

"Kaka! Kumbe wewe?"

"Ndiyo mimi, dada. Nisamehe. Ila ile ya Alhamisi bado inagoma."

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko, na yeye wa kwanza.

Ndugu yangu unayesoma hapa, mwenzako akikuletea kitu cha maana, usimrushie dole gumba ukapita. Kifungue. Hata kwa wivu, wewe kifungue.